Google, nenosiri au kiungo cha barua pepe: uingie kwenye chatiboti kwa mlango gani?

Ukimuuliza mtu wa Nairobi ipi bora kati ya ChatGPT, Gemini na Claude, atazipima kwa majibu yake: hii inaandika vizuri, ile inajua hesabu, ile nyingine Kiswahili chake kinachechemea. Ni nadra kusikia mtu akiuliza ipi ni ngumu kuibiwa. Ilhali ndani ya akaunti hizo watu wamemwaga CV, barua za kujitetea kazini, matokeo ya maabara, hata fomu nzima ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, yenye PIN yao ya kodi kwa sababu walitaka waelezwe kwa lugha nyepesi. Mwizi akiingia humo hana haja ya kupekua. Historia ya mazungumzo imepangwa pembeni, kila moja na kichwa chake.

Kwa hiyo hapa silinganishi akili za programu hizi. Nalinganisha namna ya kuzifungulia akaunti na kuzilinda. Ninayemfikiria ni mtu mwenye simu moja ya Android, laini moja inayobeba M-Pesa yake yote, na ambaye siku nyingine hukaa kwenye kompyuta ya saiba kuchapisha kitu.

Milango mitatu

Gemini haina akaunti yake ya pekee. Ni huduma ya Google, basi unaingia kwa akaunti ile ile ya Gmail, YouTube na Play Store. ChatGPT, ambayo OpenAI iliizindua Novemba 2022, inakupa milango kadhaa: Google, Apple, Microsoft, au anwani yoyote ya barua pepe na nenosiri unalojiwekea. Tangu Aprili 2024 inamhudumia hata asiye na akaunti, na kwa swali la mara moja hilo ndilo chaguo salama kuliko yote, kwa sababu hakuna akaunti ya kuibiwa. Claude ya Anthropic haijui nenosiri kabisa. Unaandika barua pepe yako, unatumiwa kiungo au msimbo, unaingia. Ukitaka, nayo inakubali Google.

Hivi ndivyo milango hiyo inavyostahimili mambo yanayotupata ("hatua ya pili" ni uthibitisho wa ziada unaoombwa baada ya nenosiri):

| Likikufika hili | Umeingia kwa Google | Barua pepe na nenosiri | Kiungo cha barua pepe |
|---|---|---|---|
| Simu imenyakuliwa ikiwa wazi | Yote yako wazi, lakini kuna vifaa vizuri vya kuifunga kutoka mbali | Chatiboti iko wazi mpaka uifunge yenyewe | Chatiboti na barua pepe ziko wazi pamoja |
| Tapeli amehamisha laini yako | Hatari, kama hatua ya pili ni SMS | Hatari kupitia barua pepe | Hatari kupitia barua pepe |
| Nenosiri limevuja | Halimfikishi mbali ikiwa hatua ya pili imewashwa | Anaingia, isipokuwa umewasha hatua ya pili | Hakuna nenosiri la chatiboti la kuvuja |
| Barua pepe yenyewe imefungwa | Umefungiwa nje | Mara nyingi bado unaingia | Umefungiwa nje |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio pekee ambapo nenosiri linawashinda wenzake wazi wazi. Kwingine kote mambo yanarudi kwenye barua pepe. Hata aliyejiwekea nenosiri refu la kuogofya, mwizi mwenye Gmail yake atabonyeza "umesahau nenosiri?" na kiungo cha kuweka jipya kitamfikia mikononi. Ndiyo maana nikimsaidia mtu kufungua akaunti ya chatiboti, muda mwingi tunautumia kwenye Gmail, na chatiboti yenyewe tunaimaliza haraka.

Maoni yangu: mtu wa simu moja aingie kwa Google, lakini baada ya kuiimarisha Google hiyo. Nenosiri la pekee namshauri mwenye programu ya kutunza manenosiri, au anayetaka makusudi kazi yake isiguse Gmail ya nyumbani. Nenosiri lililo kichwani, ambalo pia ndilo la Facebook na la akaunti ya michezo ya kubahatisha, ni mlango mbaya kuliko yote mitatu. Likivuja kwenye tovuti moja hujaribiwa kwenye nyingine zote, na hujaribiwa na programu zisizochoka.

Kabla hujachagua mlango lakini, hakikisha uko kwenye nyumba yenyewe. Anwani halisi ni chatgpt.com, gemini.google.com na claude.ai. Programu ya ChatGPT ya iPhone ilitoka Mei 2023 na ya Android Julai mwaka huo huo. Kabla ya hapo maduka ya programu yalikuwa yamejaa bandia zenye nembo za kufanana, na mpaka leo nyingine zipo, zinatoza ada ya kila wiki kwa kitu ambacho mwenyewe hukitoa bure. Soma jina dogo lililo chini ya jina la programu: OpenAI, Google LLC, Anthropic. Ukiona jina jingine, achana nayo.

Simu ikinyakuliwa

Nairobi, hii ndiyo njia ya kawaida kuliko hizo za kwenye sinema ambapo mtu mwenye kofia anavunja misimbo. Uko dirishani mwa matatu iliyokwama karibu na Globe, unaandika, mkono unapita, simu imeenda. Imeenda ikiwa wazi. Anayeishika hahitaji nenosiri lolote: Gmail iko wazi, SMS ziko wazi, chatiboti iko wazi.

Hapa Android imekuwa nzuri kuliko watu wanavyojua. Mwaka 2024 Google ilileta kufuli la kugundua wizi: simu ikihisi imepokonywa ghafla na mtu akakimbia nayo, inafunga kioo yenyewe. Pia kuna kufunga ukiwa mbali kwa kuandika nambari yako ya simu tu kwenye android.com/lock, bila kulazimika kukumbuka nenosiri la Google ukiwa umesimama barabarani na simu ya kuazima. Vyote viwili viko kwenye mipangilio ya simu upande wa Google, penye ulinzi dhidi ya wizi, na viwashe leo. Simu ikishaenda hakuna cha kuwasha. Wenye iPhone wana ulinzi wao wa simu iliyoibwa tangu iOS 17.3 ya Januari 2024, nao pia uthibitishe kama umewashwa.

Sasa kuna jambo moja ambalo walioingia kwa Google huwa hawalitarajii. Kubonyeza kitufe cha Google hukufungulia ChatGPT, lakini ukishaingia, ChatGPT inakukumbuka yenyewe. Ukiitoa simu kwenye akaunti yako ya Google, Gemini na Gmail zinakatika. ChatGPT iliyokuwa wazi kwenye simu hiyo inaweza kuendelea kama kawaida. Lazima uingie kwenye mipangilio ya ChatGPT kwa kifaa kingine na uchague kutoka kwenye vifaa vyote. Amri hiyo inaweza kuchukua hadi nusu saa kufika, basi usiingoje mpaka ufike nyumbani. Vivyo hivyo kwa Claude. Kwa upande huu Gemini ndiyo rahisi kuliko zote: ukikata Google umeikata.

Mpangilio wangu baada ya simu kuibwa ni huu: funga kioo kwa mbali, piga mtandao wako wafunge laini, ondoa simu kwenye akaunti ya Google, kisha chatiboti moja moja. Laini naiweka mapema kwa sababu ya M-Pesa, na kwa sababu ya hili linalofuata.

Hatua ya pili: SMS, programu au ufunguo wa siri

Wengi wanaona wamemaliza wakishaunganisha nambari ya simu. SMS ni bora kuliko kutokuwa na chochote, lakini kwa mji wetu ndiyo dhaifu kati ya hatua za pili zote, na udhaifu wake ni wa aina tatu.

Kwanza, kadi ya simu hutoka. Mwizi akishindwa kufungua kioo anachomoa laini, anaiweka kwenye simu yake ya vitufe, na misimbo yako inamfikia. Dawa ni kuweka PIN kwenye laini yenyewe, kwenye mipangilio ya usalama ya simu: kila laini inapowekwa kwenye simu nyingine, au simu inapozimwa na kuwashwa, PIN inaombwa, na akikosea mara tatu inadai PUK, msimbo mrefu zaidi wa kuifungulia laini. Watu wengi niliowauliza hawajui kama kitu hiki kipo.

Pili, laini inaweza kuhamishwa bila kuguswa. Tapeli anapiga simu akijidai mhudumu, anakuvuta umtajie nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, kisha anaomba kadi mpya kwa jina lako. Unaona tu mtandao umekata. Wateja wa Safaricom wanaweza kupiga *100*100# ili laini yao isibadilishwe kiholela, na *106# kuona nambari zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Hiyo ya pili ipige hata kama hutumii chatiboti.

Tatu, laini uliyoiacha bila kutumia kwa muda mrefu huuzwa kwa mtu mwingine. Kama ndiyo iliyoandikwa kwenye akaunti yako ya Gmail, mwenye laini mpya anapokea misimbo yako bila hata kuwa mwizi.

Programu ya uthibitishaji, kama Google Authenticator au ya Microsoft, inatoa nambari sita zinazobadilika kila sekunde 30. Haihitaji mtandao wala salio, wala haijali laini imeenda wapi. Kwa ChatGPT unaiwasha kwenye mipangilio, sehemu ya usalama: unapewa picha ya msimbo wa mraba, unaiskani kwa programu, unaandika nambari sita, umemaliza. Claude haina hatua ya pili ya kwake. Inarithi ile ya barua pepe au Google yako, jambo linalofaa kabisa ikiwa hiyo barua pepe imefungwa vizuri na la hatari ikiwa haijafungwa.

Ubaya wa programu hiyo ni kwamba inakaa kwenye simu ile ile inayonyakuliwa. Tangu Aprili 2023 Google Authenticator inaweza kuhifadhi nambari zake kwenye akaunti ya Google, ambayo ni afueni, lakini ukitaka kuingia Google yenyewe na nambari za kukuingiza ziko ndani ya Google, unazunguka palepale. Kinachokutoa ni karatasi. Google hukupa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja tarakimu 8, kila mmoja wa kutumika mara moja. Inakili kwa kalamu na uiweke kwenye ile bahasha ya vyeti ambayo kila mtu anayo kabatini, pamoja na cheti cha kuzaliwa na result slip. Usiichapishe saiba, na usiipige picha ikabaki kwenye simu.

Ufunguo wa siri (passkey) ni kitu kipya zaidi. Google iliufungulia akaunti za kawaida Mei 2023. Huandiki chochote, unaweka kidole tu. Kinachonipendeza ni kwamba ufunguo huo haufanyi kazi kwenye tovuti bandia: tovuti ikijifanya Google, simu haitautoa, hata wewe ukidanganyika. Lakini nguvu yake haizidi ile ya PIN ya kioo chako. Kama PIN ni 1234, au unaiandika wazi mbele ya makanga na abiria waliosimama, aliyeiona akiichukua simu anakuwa na kila kitu. Kidole kwenye matatu, PIN ndefu kwa nyumbani.

Nikilazimika kupanga: ufunguo wa siri kwanza, programu ya pili, karatasi nyuma ya zote mbili, SMS mwisho.

Saiba na kompyuta za kuazima

Hapa ndipo Claude inapotamba. Unaweza kuomba kuingia kwenye kompyuta ya saiba, ukafungua barua pepe kwenye simu yako, na msimbo ukauandika kwenye kompyuta. Gmail yako haigusi mashine ile. Aliyeingia ChatGPT kwa Google anaifungua Google nzima mahali hapo, na ukisahau kutoka, anayekaa baada yako anaipata pamoja na picha za familia.

Ukiandika nenosiri, angalia kona ya juu kulia ya Chrome. Kisanduku kidogo kinatokea kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, na kitufe cha bluu ndicho cha kukubali, basi mkono unakwenda huko wenyewe. Mteja anayefuata akiandika herufi moja ya kwanza ya barua pepe, anwani yako inajitokeza na nenosiri linajijaza kwa vitone. Tumia dirisha fiche (incognito), kisha toka, kisha funga dirisha.

Kompyuta ya nyumbani nayo si malaika. Juni 2023 kampuni ya usalama ya Group-IB iliripoti kukuta vifaa zaidi ya 100,000 vilivyoibwa data ambazo ndani yake kulikuwa na manenosiri ya ChatGPT yaliyohifadhiwa. OpenAI haikuwa imevunjwa. Virusi vilikuwa ndani ya kompyuta za watu, vikinyonya kila kilichohifadhiwa kwenye kivinjari. Ukiwa na Windows iliyowekwa "kwa bei ya rafiki" pamoja na programu za kulipia zilizofunguliwa kwa ujanja, unajua virusi hivyo hupitia wapi.

Ulichoandika kinakaa wapi

Kuna hasara ambazo kufuli halizuii. Machi 2023 hitilafu ndani ya ChatGPT iliwaonyesha baadhi ya watu vichwa vya mazungumzo ya wengine, na hakuna nenosiri lingesaidia. Mwaka 2025 viungo vya mazungumzo ambavyo watu walivishiriki na kuweka alama vionekane hadharani vilianza kutokea kwenye Google, mpaka OpenAI ikaiondoa nafasi hiyo. Kwa hiyo muda wa kuhifadhiwa kwa maneno yako nao ni wa kulinganisha.

ChatGPT ina swichi kwenye udhibiti wa data inayozuia mazungumzo yako kufundishia mifumo yao. Ina pia mazungumzo ya muda, yasiyoingia kwenye historia na yanayofutwa ndani ya siku 30. Lakini Mei 2025 mahakama Marekani iliiamuru OpenAI ihifadhi hata yaliyofutwa, kwa ajili ya kesi ya magazeti, na amri hiyo ikaendelea hadi Septemba. Kufuta, basi, kuna mipaka.

Gemini kwa kawaida hufuta shughuli zako baada ya miezi 18, na unaweza kushusha hadi 3. Ukizima uhifadhi kabisa, mazungumzo bado hukaa hadi saa 72. Jambo ambalo wengi hawajalisoma: sehemu ya mazungumzo hupitiwa na binadamu, na yaliyopitiwa yanaweza kukaa hadi miaka 3 hata ukifuta shughuli zako. Google wenyewe wanaonya usiandike siri.

Claude tangu 2025 inamtaka mtumiaji wa kawaida achague. Ukikubali mazungumzo yafundishie mifumo, yanaweza kuhifadhiwa hadi miaka 5. Ukikataa, unabaki kwenye utaratibu wa siku 30. Swichi hiyo itafute, maana ulipofungua akaunti huenda uliibonyeza ukiwa na haraka.

Kwa faragha pekee ningechagua ChatGPT kwa mazungumzo ya muda, au Claude iliyokataliwa kufundishiwa. Gemini naitumia kwa mambo ambayo hata yakisomwa na mtu baki sitajali: mapishi, ratiba, barua ya kumwomba mwenye nyumba akarabati bomba.

Akaunti ya kuchanga na akaunti ya kazi

ChatGPT ya kulipia ya Plus ni dola 20 kwa mwezi, basi wanafunzi wanachanga wanne kwa nenosiri moja. Masharti ya OpenAI yanakataza kugawana nenosiri, lakini tuseme hilo halikusumbui. Kila mmoja anasoma mazungumzo ya mwenzake, kumbukumbu ya programu inachanganya maisha yenu, na mwenye barua pepe akikasirika anawafungia nje wote. Kati ya akaunti ya kulipia ya kuchanga na ya bure iliyo yako peke yako, chukua ya bure. Wale wanaouza "nafasi" kwenye akaunti za watu kwa shilingi mia chache sina haja ya kuwalinganisha na chochote. Ukiamua kulipa mwenyewe, kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanzishwa na Safaricom na Visa mwaka 2022, inakuepusha kuandika nambari za kadi yako ya benki.

Mlango wa mwisho ni barua pepe ya ofisi au ya chuo. Ni rahisi, tayari iko wazi kwenye kompyuta, na wengine huitumia bila kufikiri. Msimamizi wa barua pepe hizo anaweza kubadilisha nenosiri lako wakati wowote, na siku ukimaliza mkataba au ukihitimu anwani inafungwa na chatiboti inafungwa nayo. Kwa kazi ya ofisi itumie, hapo ndipo mahali pake. Yaliyo yako yaweke kwenye barua pepe yako.

Kama tayari umechanganya, yahamishe kabla hujaondoka. Google wana Takeout, Claude ina sehemu ya kupakua data, na ChatGPT hali kadhalika. Ya ChatGPT hutumwa kama kiungo kwenye barua pepe ya akaunti hiyo na huisha baada ya saa 24, kwa hiyo iombe wakati anwani ya ofisi bado inafunguka, siku ambayo una nafasi ya kuketi na kuipakua.